Karabini ya risasi za bastola kwa ulinzi wa nyumba: jibu kwa dada wa Arlington, Texas

Swali: Tunaishi Arlington, Texas, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 16, mdogo ana sita. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, huweza kukaa barabarani wiki mbili kwa mpigo. Mimi ni muuguzi. Mwezi uliopita wezi walivunja mlango wa jirani yetu wenyewe wakiwa ndani wamelala. Sasa mume wangu anataka tununue bunduki, na muuzaji wa dukani amemwambia aachane na bastola na AR-15, ile bunduki ndefu inayofanana na za kijeshi, achukue karabini ya milimita 9, kwa kuwa ni rahisi kwa mwanamke na risasi zake hazitoboi kuta. Mimi nimewahi kufyatua bastola siku moja tu na mikono ilitetemeka. Chumba chetu kiko chini, vya watoto viko ghorofani. Nilikulia Kakamega, ambako bunduki tuliiona kwa askari tu. Je, muuzaji anasema kweli?

Jibu:

Dada, muuzaji amesema kweli nusu. Kwamba utaimudu karabini mapema kuliko bastola, hapo nakubaliana naye, ingawa sababu si uanamke wako. Kwamba risasi zake hazitoboi kuta, huo ni uongo, na ni uongo unaoweza kumuua mtoto wako akiwa kitandani. Nitakueleza yote mawili. Kisha nitakueleza jambo la tatu ambalo hakulitaja: bunduki ya aina hii inafaa kazi moja tu usiku wa hatari, na kwa jinsi mnavyolala sasa, nyumba yenu haijapangwa kwa kazi hiyo.

Karabini tunayoizungumzia ni bunduki ndefu yenye kitako cha kuegemeza begani, ambayo badala ya kula risasi kubwa za bunduki za vita inakula risasi za bastola, mara nyingi zile za milimita 9 zinazotumiwa na bastola za polisi duniani kote. Wazo hili ni la kale hapo Marekani. Mwaka 1873 kampuni ya Winchester ilitoa bunduki iliyokula risasi ya .44-40, na baadaye kampuni ya Colt ikatoa bastola iliyokula risasi hiyohiyo, mtu akaweza kubeba aina moja ya risasi kwa silaha zote mbili. Za leo ni kama Ruger PC Carbine, Beretta Cx4 Storm, Kel-Tec SUB-2000 inayokunjwa katikati, na CZ Scorpion. Nyingi zina mtutu wa inchi 16, yaani karibu sentimita 41, na urefu huo haukuchaguliwa kwa bahati. Sheria ya mwaka 1934 ya serikali kuu inataka bunduki ya begani yenye mtutu mfupi kuliko huo isajiliwe na kupata idhini kabla hujaimiliki. Mumeo akionyeshwa fupi yenye kitako cha bega kwa sababu inapendeza macho, aulize kwanza karatasi zake.

Sasa huo urahisi. Bastola hushikwa na viganja viwili vilivyonyooshwa mbele ya mwili, basi. Hakuna kingine kinachoitegemeza. Kidole kikivuta triga kwa pupa, mtutu unainama kidogo, na kwa umbali wa mita saba kidogo hicho kinatosha kuikosa shabaha yenye upana wa kifua cha mtu. Ndiyo maana mikono yako ilitetemeka, na ungeona risasi zako zikitua chini kushoto, kama ilivyo kwa karibu kila anayeanza akiwa anatumia mkono wa kulia. Karabini inashikwa sehemu nne: kiganja cha nyuma, kiganja cha mbele, bega na shavu. Ukivuta triga vibaya, mwili wako wote unaisahihisha. Uzito nao unasaidia. Ruger niliyoitaja ina takriban kilo tatu, na risasi ya milimita 9 haina nguvu ya kuisukuma sana kilo tatu iliyoegemea bega. Kwa hiyo hutafumba macho ukisubiri kishindo, na risasi ya pili utaielekeza mahali pale pale ulipoelekeza ya kwanza.

Nimefundisha watu wengi wa kwetu waliokuja hapa wakiwa hawajawahi kushika hata bunduki ya ndege. Wakipewa bastola, saa nzima ya kwanza inaishia kwenye kupambana na woga. Wakipewa karabini ya milimita 9 yenye darubini ya nukta nyekundu, yaani kioo kinachoonyesha nukta pale unapolenga, wengi wanaweka risasi zao zote ndani ya sahani ya chakula kwa umbali wa urefu wa sebule kabla ya kikao kwisha. Na ujuzi huo haupotei upesi. Bastola inadai mazoezi ya mara kwa mara. Ukiiacha miezi mitatu, mkono unasahau. Kwa mama mwenye watoto watatu na zamu hospitalini, hoja hii peke yake ina uzito kuliko nyingine zote ambazo dukani utaziona zimeandikwa kwenye masanduku.

Lakini angalia mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni kukoki, yaani kuvuta chuma cha bunduki nyuma ili risasi iingie chemba, mahali inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Karabini nyingi za bei nafuu hazina mfumo wowote wa kuifunga chemba wakati risasi inalipuka. Zinategemea tu uzito wa chuma cha ndani na nguvu ya springi. Springi hiyo huwa ngumu, na mtu anayedhani bunduki ndogo itakuwa laini anashangaa akishindwa kuivuta. Jaribu kuikoki wewe mwenyewe, mara kumi mfululizo, si mumeo akuonyeshe. Bunduki usiyoweza kuikoki ukiwa umetoka usingizini haikufai hata ikiwa imesifiwa vipi. La pili ni urefu wa kitako. Kikiwa kirefu kwako utajikunja nyuma kama unayekwepa moto wa jiko, na bega halitaishika vizuri. Ruger PC Carbine ina vipande vya kuongeza au kupunguza kwenye kitako. Nyingine zina kitako cha kuvuta. Ipime kwa mwili wako, kwa sababu ni wewe utakayekuwa nyumbani mumeo akiwa Oklahoma au Tennessee.

Kuhusu kuta. Nyumba za vitongoji vya Texas unazijua: nje kuna ganda la matofali, lakini ndani kuta zimejengwa kwa mbao zilizosimamishwa kila baada ya sentimita arobaini, zikafunikwa pande zote mbili kwa bodi za jipsamu zenye unene wa nusu inchi. Kati ya mbao ni hewa tupu. Wewe uliyekulia kwenye nyumba ya mawe au tofali za kuchoma huenda hujawahi kuufikiria ukuta kama karatasi, lakini mbele ya risasi ukuta wa ndani wa nyumba yenu si zaidi ya hapo. Risasi ya milimita 9 inapita ukuta mmoja, wa pili, wa tatu, na bado ikawa na nguvu ya kuua. Ikitoka kwenye mtutu mrefu wa karabini inakwenda kasi kidogo kuliko ikitoka kwenye bastola, kwa hiyo haiwezi kuwa salama kuliko bastola.

La kushangaza ni kwamba AR-15, ambayo muuzaji ameitumia kukutisha, si lazima iwe mbaya zaidi kwenye jipsamu. Risasi yake ni nyepesi, karibu gramu tatu na nusu, na inakwenda kasi sana. Ikigonga bodi mara nyingi inapinduka au kupasuka vipande, na kila kipande kinapoteza nguvu haraka. Risasi ya bastola ni nzito, fupi na ya polepole, kwa hiyo inaendelea moja kwa moja kama ilivyoanza. Hata zile zenye tundu kwenye ncha, zilizoundwa zitanuke zikiingia mwilini, tundu lao likijaa unga wa jipsamu huweza lisifunguke, na risasi ikaendelea kama risasi ya kawaida ya mazoezi. Hakuna risasi ya kumsimamisha mtu mzima ambayo itasimamishwa na ukuta wenu. Yeyote atakayekuambia tofauti, awe anauza karabini, bastola au shotigani inayotema marisau, usimnunulie kitu.

Nguvu nayo isikuchanganye. Risasi ya milimita 9 inatoka kwenye bastola kwa takriban mita 350 kwa sekunde. Kwenye mtutu wa inchi 16 inafika karibu 390. Nguvu yake inapanda kutoka kama jouli 490 hadi kama 610. Ni faida, lakini si kubwa, kwa sababu baruti ya risasi ya bastola ni kidogo na inakwisha kuungua mapema. Mtutu uliobaki ni njia tu ya kupita. AR-15 ya kawaida inatoa zaidi ya jouli 1,600, na shotigani ya geji 12 yenye marisau makubwa inapita 2,000. Kwa hiyo anayekuambia karabini ya milimita 9 ni bastola yenye nguvu ya bunduki kubwa anakudanganya. Bado ni risasi ya bastola, ila umeipata njia bora ya kuielekeza. Tofauti kubwa zaidi ipo kwa risasi ya .357 Magnum, ambayo ina baruti nyingi na kwenye karabini ya wenzo, inayokokiwa kwa kuvuta wenzo ulio chini ya triga, inaruka kasi sana, lakini bunduki za wenzo zinataka mkono uliozoea, na sikupendekezei.

Chagua risasi ya kujilindia yenye tundu kwenye ncha, nzito kiasi, grain 124 au 147 (grain ni kipimo cha uzito wa risasi), ya kampuni inayouzia polisi. Baada ya mapambano ya risasi ya Miami tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, waliuawa, shirika hilo liliweka kipimo kipya: risasi iingie kati ya inchi 12 na 18 ndani ya jeli maalumu, hata baada ya kupita nguo na bodi. Risasi nzuri za leo zimeundwa kwa kipimo hicho. Nyepesi sana ikisukumwa na mtutu mrefu huweza kutanuka mapema mno na isifike ndani inakotakiwa. Fyatua walau maboksi mawili ya aina utakayoiweka nyumbani, kwa sababu kuna karabini zinazokwama na baadhi ya ncha.

Kelele nitaitaja kwa ufupi. Kila bunduki ikifyatuliwa ndani ya chumba inapita desibeli 140, kiwango ambacho sauti moja tu inaweza kulidhuru sikio kwa kudumu. Karabini ya milimita 9 ina afadhali kuliko AR-15 na hata kuliko bastola ya risasi ileile, kwa kuwa mdomo wa mtutu uko mbali zaidi na uso wako na baruti imeshaungua. Afadhali tu.

Sasa nije kwenye lile la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote.

Karabini inataka mikono miwili. Jiulize usiku ule ukisikia kioo cha mlango wa nyuma kikivunjika utakuwa unahitaji mikono ya nini. Simu ya 911, ile ya dharura. Mkono wa yule mdogo wa miaka sita. Kitasa. Swichi ya taa. Tochi. Mwenye bastola anaweza, kwa shida, kufanya mojawapo ya hayo kwa mkono mmoja. Mwenye karabini hawezi. Tena ukipita kwenye korido au kukata kona ya jikoni ukiwa na chuma cha urefu wa sentimita themanini mbele yako, mtutu unafika kabla yako, na aliyejificha nyuma ya kona anaweza kuushika. Kwa sababu hiyo, bunduki hii si ya kuzunguka nayo nyumba ukitafuta mwizi. Hata polisi waliofunzwa hawapekui nyumba mmoja mmoja. Ni bunduki ya kukaa mahali pamoja, ukiwa umejikinga, mlango uko mbele yako, na watoto wako nyuma yako.

Na hapo ndipo nyumba yenu inapoleta tatizo. Unalala chini, watoto wako juu, kama nyumba nyingi za huko zilivyojengwa. Mwizi akiingia kwa mlango wa nyuma, atakuwa kati yako na wao. Utalazimika kutoka chumbani, kuvuka sebule iliyo wazi, kupanda ngazi gizani. Huo ndio mzunguko ambao nimekuambia karabini haiufai, na kusema kweli hakuna silaha inayoufaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu bunduki: mumeo akiwa safarini, lala ghorofani. Weka godoro chumba kilicho karibu na ngazi, au badilishaneni vyumba kabisa. Ukishakuwa juu na watoto wote wako nyuma yako, mtu ana njia moja tu ya kuwafikia, nayo ni ngazi. Huhitaji kumfuata. Unapiga simu, unawakusanya watoto kwenye chumba kimoja, unafunga mlango, unakaa pembeni ya kitanda au kabati ukiuelekea mlango. Hapo karabini ni nzuri kuliko bastola bila shaka. Na kuna faida nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii. Ukilazimika kufyatua ukiwa juu ya ngazi kuelekea chini, risasi itakayokosa itaelekea sakafu ya chini, ambayo kwa nyumba nyingi za Texas ni zege lililomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi. Ukifyatua ukiwa chini kuelekea mlango wa mbele, nyuma ya mlango huo kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna watu wamelala kama ninyi.

Mlango nao urekebishwe wiki hii, kabla ya dukani. Milango mingi hapa huvunjika kwa teke moja kwa sababu kile kibati cha kwenye fremu, kinachopokea ulimi wa kufuli, kimeshikwa kwa skrubu fupi zinazoishia kwenye ubao mwembamba wa fremu. Zitoe, weka skrubu za inchi tatu, sentimita saba na nusu, zifike kwenye mbao za ukuta wenyewe. Fanya hivyo na kwenye bawaba. Gharama yake haifiki bei ya boksi moja la risasi. Nyumbani Kakamega mngeweka mlango wa chuma, grili madirishani, mbwa, pengine na mlinzi, na kelele za majirani. Hapa umezungukwa na vioo na jirani yuko ndani na kiyoyozi kinanguruma. Taa za nje zinazowaka zenyewe mtu akipita, kengele ya mlango na mbwa anayebweka ndizo zinazokupa zile dakika mbili za kuamka na kujipanga.

Bunduki yenyewe ifungwe tochi yenye nguvu, swichi yake mahali kidole gumba kinapofika bila kutafuta. Si pambo. Wewe una zamu za usiku, mumeo anaweza kurudi saa tisa usiku bila kupiga simu, na una kijana wa miaka 16, umri wa kutoka dirishani na kurudi kimyakimya. Hatari kubwa zaidi ya kosa nyumbani kwenu ni mtu wa nyumbani kwenu. Kabla kidole hakijagusa triga, uwe umeuona uso. Na uwe umeita. Kubalianeni na wanao kwamba mkisikia mtu usiku mnaita kwa Kiswahili, na wa nyumbani anajibu kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla hajapiga hatua nyingine. Wezi wengi wa huko hawatalijua jibu lenu.

Wala mtu aliye nje ya mlango si adui kwa kuwa tu humjui. Aprili 2023, huko Kansas City, kijana mweusi wa miaka 16 alitumwa kuwachukua wadogo zake, akakosea anwani, akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yake. Mzee wa miaka 84 aliyekuwa ndani alimpiga risasi kupitia mlango wa kioo, moja kichwani. Kijana alipona kwa rehema ya Mungu, na mzee akashtakiwa. Mwanao ana umri huo huo. Fikiria pande zote mbili za mlango.

Kuna jambo ambalo duka halikwambii na sisi watu weusi hatuwezi kulipuuza. Usiku wa tarehe 12 Oktoba 2019 huko Fort Worth, mwendo mfupi kutoka kwenu, Atatiana Jefferson alikuwa nyumbani akicheza mchezo wa video na mpwa wake wa miaka minane. Jirani aliona mlango umeachwa wazi, akapiga simu ya polisi isiyo ya dharura ili waangalie kama kuna usalama. Ofisa akapita uani bila kujitambulisha. Atatiana akasikia nyayo nje, akachukua bastola yake halali, akasogea dirishani. Ofisa akamfyatulia kupitia kioo, akafa. Ofisa huyo alihukumiwa Desemba 2022 kwa kuua bila kukusudia, akapewa karibu miaka 12. Hukumu haikumrudisha dada yule.

Kwa hiyo, ukipiga 911, sema mambo haya hata kama sauti inatetemeka: jina lako, anwani, kwamba wewe ni mwenye nyumba, kwamba uko ghorofani chumba fulani na watoto, umevaa nini, na kwamba una bunduki. Usikate simu. Mwambie anayekusikiliza akujulishe polisi wakifika. Wakifika, bunduki isiwe mkononi mwako. Iweke sakafuni au uirudishe kwenye sefu, mikono ionekane, usisogee dirishani. Bunduki ndefu mikononi mwa mtu mweusi gizani inaonekana kutoka mbali, na hapa karabini ina ubaya ambao bastola ndogo ina kwa kiasi kidogo.

Watoto. Sheria ya Texas, kifungu cha 46.13 cha sheria ya jinai, inamshika mtu mzima ambaye kwa uzembe ameacha bunduki iliyo tayari kufyatuliwa bila kuilinda, na mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Kijana wako wa 16 yumo. Lakini hata bila sheria: mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Kijana wa umri huo anaweza kuvunjika moyo kwa jambo ambalo wewe hutalijua hadi kesho yake, na bunduki haimpi nafasi ya pili. Kumfundisha usalama ni vizuri, nami nafundisha vijana, ila mafunzo hayachukui nafasi ya kufuli. Karabini haiingii kwenye visanduku vidogo vya bastola vya kuweka kando ya kitanda. Utahitaji sefu ndefu ya kufunga ukutani, ya kitufe au namba, iliyokazwa kwenye mbao za ukuta, ndani ya kabati la chumba kile cha juu. Namba ijulikane na ninyi wawili tu. Isiwe siku ya kuzaliwa ya mtoto. Watoto hujaribu hiyo kwanza. Magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye bunduki, ijazwe, chemba iwe tupu. Ukiwa kazini zamu ya usiku na watoto wako peke yao, sefu imefungwa, na kijana amefundishwa kazi moja tu: kuwaingiza wadogo zake chumbani, kufunga, na kupiga 911.

Kama mtaona hamwezi kununua sefu pamoja na bunduki, nunueni sefu na msubiri bunduki. Katika hili silegezi.

Sheria za umiliki nimalizie nazo kwa sababu zinawapata wengi wetu. Raia na mwenye ukaazi wa kudumu wanaweza kununua, na vivyo hivyo mkimbizi aliyepokelewa kihalali, mradi wapite ukaguzi wa dukani na waseme kweli kwenye fomu. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya utalii, masomo au kazi, kwa sheria ya serikali kuu haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa ana kibali kama leseni ya uwindaji. Kwa hiyo mama mkwe akija miezi sita kuwasaidia na watoto, asijue namba ya sefu. Mdogo wako aliye kwa viza ya mwanafunzi usimpeleke uwanja wa shabaha akajaribu kwa raha. Kuishika tu ni kosa, na kosa la bunduki linaweza kumfanya mhamiaji afukuzwe nchini, hata mwenye ukaazi wa kudumu. Mumeo naye asiichukue kwenye lori. Bunduki iliyo halali Texas ikifika Illinois, New Jersey au California inaweza kuwa haramu kwa umbo lake au kwa magazini yake.

Texas inampa mwenye nyumba nafasi pana ya kujitetea dhidi ya aliyeingia kwa nguvu. Usisikilize wanaokuambia sheria hiyo inaruhusu hata kumfyatulia mwizi anayekimbia na televisheni. Yapo maneno kwenye vitabu vya sheria yanayokaribia hapo, na wapo watu waliomaliza akiba yao yote kwa mawakili wakijaribu kuyasimamia. Bima ya nyumba italipa televisheni.

Hivyo basi: skrubu za mlango wiki hii, chumba cha juu, sefu ukutani. Kisha wewe na mumeo mwende uwanja wa shabaha unaokodisha silaha, na pale Arlington na Fort Worth mtapata. Kodisheni karabini ya milimita 9 na bastola ya risasi ileile. Fyatua wewe kwanza, risasi ishirini kwa kila moja, mita saba, usiharakishe. Darubini ya nukta nyekundu inakaa sentimita chache juu ya mtutu, kwa hiyo kwa umbali wa chumba risasi itatua chini kidogo ya nukta, mwalimu akuonyeshe. Linganisha karatasi zako mbili. Ya karabini ikiwa bora kwa wazi, na umeweza kuikoki bila kusaidiwa, nunueni hiyo, halafu jiandikishe kwa mafunzo ya siku nzima kabla haijaingia nyumbani ikiwa na risasi.